Mfadhili anataka tuzindue mradi ndani ya miezi mitatu: tuanze na nini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha mazingira katika kisiwa chenye watu wasiofika elfu tatu. Visima viwili kati ya vitano vimeingia chumvi, na upande wa mashariki bahari imekula ufuo hadi kwenye uzio wa shule. Amejitokeza mfadhili aliye tayari kutusaidia kupanda mikoko na kujenga ukuta wa mawe, ila anataka mradi uzinduliwe ndani ya miezi mitatu. Wenzangu wamefurahi, mimi nina wasiwasi. Mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi huanzishwaje ili usife?

Jibu: Marahaba, katibu. Huo wasiwasi wako usiuache. Nimefanya kazi na jamii za visiwani kwa miaka mingi, na miradi niliyoiona ikifa haikufa kwa kukosa fedha. Mingi ilikufa kwa sababu jibu lilifika kabla ya swali. Mfadhili wenu ana jibu tayari, mikoko na ukuta. Lakini katika maelezo yako sioni mahali alipouliza bahari inaingilia wapi, inaingia siku gani za mwezi, na kwa nini visima viwili vimeharibika huku vitatu vikiwa bado vizima.

Kuanzisha mradi na kuuzindua ni mambo mawili. Anzeni wiki hii, wala hamhitaji fedha nyingi. Kuzindua, kwa maana ya wageni, turubai na utepe, kusubiri mpaka mmepita bamvua kubwa mbili za mwaka (bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida), ile ya Machi na ile ya Septemba. Mnajua nyinyi kuliko mimi kwamba bamvua huja kila mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Lakini miezi hiyo miwili jua huwa juu ya ikweta na mvuto wake kwa bahari huongezeka, ndipo maji hufika pale ambapo watu huwa wamesahau kuwa yanafika. Mhandisi akija siku za maji mafu, yale yasiyopanda sana, atapima ufuo mkavu, atachora ukuta mzuri kwenye karatasi, na ukuta huo utakuwa wa bahari nyingine kabisa.

Kuna mzunguko mwingine ambao wengi hawautaji. Njia ya mwezi angani hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 18 na miezi kadhaa, na katika baadhi ya miaka hiyo maji kujaa huwa makubwa kuliko kawaida, katika mingine madogo. Kwa hiyo kumbukumbu ya miaka mitano inaweza kuwadanganya kwa upande wowote. Ndiyo maana mzee wa miaka sabini anayeweza kunyoosha kidole na kusema "nikiwa kijana maji yalifika kwenye lile jiwe" ni kipimo ambacho mshauri yeyote kutoka mjini hana. Mpelekeni ufukweni, aonyeshe, mpige picha, mwandike.

Kwa wastani wa dunia, usawa wa bahari ulipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na katika miaka ya 2006 hadi 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Maana yake mradi wa miaka mitano utashuhudia bahari ikipanda kiasi cha sentimita mbili hivi. Ni upana wa kidole gumba. Hakuna anayeona sentimita mbili kwa macho. Kinachobomoa ni zile sentimita zilizojilimbikiza miaka mingi zinapobebwa na bamvua, na bamvua inapobebwa na dhoruba. Ndiyo sababu nasisitiza mpime siku zile mbaya, si siku za kawaida.

Sasa nizungumzie mikoko, kwa kuwa hapo ndipo miradi mingi ya visiwani hupoteza fedha na heshima kwa pamoja.

Ufilipino ni nchi ya visiwa, na imepanda mikoko kwa miongo mingi, tena kwa fedha nyingi. Mtafiti Jurgenne Primavera na mwenzake walipokagua juhudi hizo, walichapisha mwaka 2008 kwamba miche iliyosalia hai kwa ujumla ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu haikuwa uvivu wa wanakijiji. Watu walipanda jamii ya mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayousimamisha kama nguzo, kwa kuwa mbegu zake ndefu huokotwa kirahisi na kuchomekwa kwenye tope bila kitalu. Wakaipanda mbele kabisa, kwenye matope ya chini na juu ya majani ya bahari, kwa kuwa huko hakuna mwenye shamba wala bwawa la samaki wa kugombana naye. Lakini sehemu ile ya mbele inayopigwa na mawimbi ni makao ya mlilana na mchu. Mkoko hukaa nyuma yao. Tena mikoko yote kwa jumla huishi katika nusu ya juu ya ukanda wa maji kupwa na kujaa, kuanzia kwenye usawa wa wastani wa bahari hadi mstari wa bamvua. Ukiupanda chini ya hapo unauzamisha.

Nimewahi kusimama kwenye eneo la namna hiyo miezi minane baada ya uzinduzi wake. Maji yalikuwa yamekupwa. Vijiti vilisimama kwenye mistari iliyonyooka kama ya daftari, na kila kijiti kilikuwa kimefunikwa na chaza wadogo kuanzia chini hadi juu. Nilipokishika kimoja kikavunjika kama njiti ya kiberiti. Mama aliyekuwa akipita na ndoo aliniambia kwa upole, "Hapa tulikuwa tunaokota. Sasa tunakatazwa kukanyaga miche." Miche ilikuwa imekufa, marufuku ilikuwa bado hai. Siku ile ndipo nilipoapa kutoshauri tena upandaji wowote kabla ya kuwauliza wanawake wanaookota chakula cha bahari kwenye kina kifupi.

Kwa hiyo kabla ya kukubali miche elfu kadhaa, zungukeni kisiwa na kujibu maswali mawili. Je, hapo mnapotaka kupanda palikuwa na mikoko zamani? Kama palikuwa nayo, ni nini kiliiondoa: ukataji, barabara iliyoziba mkondo, tuta, au mchanga uliohama? Mara nyingi kazi yenyewe ni kufungua mkondo uliozibwa ili maji yaingie na kutoka kama zamani. Mbegu zitaletwa na bahari bila malipo. Kama hapakuwa na mikoko kamwe, palikuwa na sababu, na fedha za mfadhili hazitaiondoa sababu hiyo. Na kagueni sheria: katika nchi nyingi mikoko na ufuo ni mali ya serikali, hata kufungua mkondo kunahitaji kibali cha maandishi.

Kuhusu ukuta sitasema mengi, ila nataka unisikilize vizuri. Ukuta huzuia wimbi mahali pamoja na kulisukuma penginepo. Mchanga wa mbele yake huchotwa, na mwisho wa ukuta, pale unapoishia, mmomonyoko huongezeka. Mkijenga mbele ya shule, ulizeni nyumba zinazofuata ni za nani, na wenye nyumba hizo wawepo kwenye kikao. Ukuta wenye msingi mdogo uliojengwa na kikundi kwa mawe ya kuokota hauchukui miaka mingi kabla ya kuanguka. Na kama mawe yenyewe yanatolewa kwenye miamba ya matumbawe, hapo mnauza paa ili mnunue mwavuli. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97 kabla hayajafika ufukweni. Malé, mji mkuu wa Maldivi, uliishia kuzungushiwa kuta za zege baada ya mafuriko ya 1987. Ule ni mji mkuu wa nchi, uliosaidiwa na Japani. Nyinyi hamna uwezo huo, lakini mnaweza kuwa na mwamba ulio hai ambao haudai saruji. Kuacha kuchimba mchanga na mawe ndiyo kazi ya kwanza ya ulinzi wa ufuo, na mnaweza kuiamua kesho kwenye mkutano wenu. Kama uchunguzi utaonyesha kwamba shule haiwezi kuokolewa pale ilipo, afadhali fedha za ukuta zijenge madarasa mahali pa juu.

Maji ndiyo hoja ninayoitilia uzito kuliko zote. Watu huvumilia ufuo unaoliwa, kiu hakuna anayeivumilia.

Chini ya kisiwa kidogo maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni ambayo wataalamu wa maji hutumia ni kwamba, kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Inapendeza kusikia, lakini igeuze: ukivuta sana hadi maji ya kisima yashuke sentimita 10, chumvi ya chini inaweza kupanda mita nne. Ndiyo maana pampu yenye nguvu iliyofungwa kwa nia njema imeharibu visima vingi kuliko ndoo na kamba.

Nunueni kipima chumvi cha mkononi, kile kinachosoma maikrosimensi, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni. Maji ya bahari husoma karibu 50,000. Maji yakivuka 2,500 hivi, wengi huyahesabu kuwa si ya kunywa tena. Pimeni kila kisima alfajiri kabla ya mtu yeyote kuteka, kisha jioni, mara moja kwa wiki na kila siku wakati wa bamvua. Mwandikeni mwanafunzi mmoja wa shule awe mwenye daftari. Baada ya miezi michache daftari litaanza kusema. Kisima kinachopanda chumvi jioni na kurudi alfajiri kwa kawaida kinalalamika kuvutwa kupita kiasi. Dawa yake ni kugawa zamu na kutawanya uchotaji. Kilichoruka ghafla baada ya bamvua kimeingiwa na maji kutoka juu, na dawa yake huenda ikawa ni kuinua mdomo wa kisima na kuuziba pembeni, kazi ya siku mbili na mifuko michache ya saruji. Na kisima kikishaingiwa, msikimbilie kukivuta chote hadi kikauke, mtaita chumvi zaidi kutoka chini. Angalia basi: tatizo lile lile la "kisima kimeingia chumvi" lina dawa tofauti kabisa, na wala mikoko wala ukuta si mojawapo.

Pembeni ya visima, fanyeni hesabu ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hata mkipoteza sehemu moja ya tano, ni lita 40,000. Lakini ukubwa wa tangi hauamuliwi na mvua ya mwaka, huamuliwa na urefu wa ukame. Familia ya watu watano inayotumia lita 10 kila mtu kwa kunywa na kupika itahitaji lita 4,500 kuvuka siku 90 bila mvua. Tangi la lita 5,000 linatosha, mradi lifunikwe vizuri na maji ya kwanza ya mvua yamwagwe ili yaoshe paa. Na msilidharau jambo hili: mwaka 2011 Tuvalu, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya ukame, ikasaidiwa kwa mitambo ya kuondoa chumvi iliyoletwa kwa ndege. Watu waliozungukwa na maji walikuwa hawana ya kunywa.

Nani aamue yote haya? Utaambiwa uitishe mkutano wa wadau. Uitishe, lakini tazama kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya bamvua utawakuta wazee na viongozi peke yao, kwa sababu maji yanapokupwa wanawake wako kwenye kina kifupi na wavuvi wako mwambani. Uwe wakati maji yamejaa. Na uwe zaidi ya mmoja, mwingine wa wanawake watupu, kwa kuwa wao ndio wanaojua kisima kipi kilianza kubadilika ladha na mwezi gani.

Mkiwauliza watu kwa kweli, muwe tayari kusikia msichotegemea. Oktoba 2013 tetemeko la ardhi lilitikisa Bohol, Ufilipino, na visiwa vidogo vya Tubigon vikadidimia. Tangu hapo bamvua huingia hadi ndani ya nyumba. Serikali iliandaa mpango wa kuwahamishia nchi kavu, lakini wengi walikataa. Waliinua sakafu kwa mawe, wakainua vitanda na vyombo, wakabaki karibu na bahari inayowalisha. Wengine wameamua kinyume: kijiji cha Vunidogoloa kwenye kisiwa cha Vanua Levu, Fiji, kilihama mwaka 2014 na kujengwa upya kilomita mbili hivi kuelekea bara, baada ya wakazi wenyewe kuomba msaada miaka kadhaa kabla. Siwezi kusema upande mmoja ulikosea. Katika kila upande, uamuzi uliodumu ulikuwa wa wenyeji.

Kitu kimoja huwa kinakosekana kwenye maandiko ya miradi kama huu wenu: tahadhari. Nchi ambayo sasa ni Bangladesh ilipoteza watu zaidi ya laki tatu katika kimbunga cha 1970 kilichopiga kisiwa cha Bhola na pwani yake, na takriban 140,000 mwaka 1991. Kimbunga Sidr cha 2007, nacho kikiwa kikali mno, kiliua kiasi cha watu 3,400. Bado ni vilio vya maelfu, lakini tofauti hiyo imechangiwa na mpango wa wanakijiji wa kujitolea ulioanzishwa 1972, wenye bendera, vipaza sauti na mabanda ya kujikinga. Kwenu haihitaji kuwa kubwa. Watu kumi waliogawana nyumba, redio mbili, na jengo moja la juu ambalo kila mtu anajua ufunguo wake uko kwa nani.

Kwa upande wa fedha, jueni milango ilivyo. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao Songdo, Korea Kusini, hautoi fedha moja kwa moja kwa kikundi cha kijiji. Hupitia taasisi zilizoidhinishwa, na serikali ya nchi hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Mfuko wa Marekebisho, ulioanzia kwenye Itifaki ya Kyoto (makubaliano ya kimataifa ya tabianchi), una utaratibu unaofanana, na kama ule wa kwanza huruhusu taasisi za kitaifa kuuendea bila mkono wa kati wa kimataifa. Kwa kikundi kama chenu mlango mwepesi zaidi ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, inayoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu cha kawaida kilikuwa dola 50,000 za Marekani, na hupewa vikundi vya jamii vyenyewe. Daftari lenu la visima na picha zenu za bamvua ndizo zitakazowatofautisha na waombaji wengine. Nanyi wekeni sharti lenu kwenye bajeti: sehemu ya fedha iwe ya matengenezo baada ya mradi kuisha, kwenye akaunti yenye watia saini watatu, na hesabu isomwe mbele ya watu. Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yake, tangu 2013, na mapato yameingia kwenye maji na shule za vijiji vyake. Atakayewaahidi fedha za kaboni mwaka wa kwanza, mwulizeni nani atapima miti na kwa gharama ya nani.

Je, utamwambia nini huyu mfadhili mwenye haraka? Mwambie ukweli kwa adabu, na umpe kitu cha kuonyesha. Miezi mitatu inatosha kufanya haya: vigingi kumi kuzunguka kisiwa, kila kimoja kikipimwa umbali wake hadi ukingo wa ufuo kila mwezi, picha kutoka mahali palepale katika maji yaleyale, vipimo vya visima vyote vitano, ramani iliyochorwa na wenyeji ikionyesha maji yanapoingilia, na visima viwili vilivyoinuliwa midomo. Huo ni mwanzo halali, na unaweza kuandikiwa taarifa. Mweleze kwamba hata Tuvalu, kwa mradi wake ulioanza 2017 kwa dola milioni 36 za Mfuko wa Kijani, ilipimwa kwanza mwinuko wa visiwa vyake vyote tisa kwa ndege, kazi iliyofanyika 2019, ndipo ardhi mpya ya hekta 7.3 ikajazwa Funafuti, mji mkuu wake, hadi kukamilika 2023. Wenye mamilioni walisubiri vipimo.

Akisema haiwezekani, lazima miche ipandwe na picha ipigwe kabla ya robo mwaka kwisha, basi mwombe jambo moja: aandike kwenye mkataba ni nani atahesabu miche iliyo hai baada ya miaka mitatu na nani atalipa kupanda upya. Jibu lake litakuonyesha kama mnaweza kufanya naye kazi.

Vigingi vya kwanza vipigwe kabla ya mwezi mpevu ujao, na kimoja kiwe kwenye uzio wa shule. Ukipata vipimo vya miezi miwili ya visima, alfajiri na jioni, niandikie tena tuvisome pamoja.